Mama Anahesabu kwa Lori

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Nyuma ya Ghala la Saruji,
S.L.P. 118.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na baridi yako. Hujambo? Kifua kimekuachia? Mara ya mwisho ulipopiga simu ulikuwa unakohoa katikati ya maneno, halafu unajifanya unacheka. Mimi nimekulea. Kikohozi chako nakijua na kicheko chako nakijua, na havifanani hata kidogo. Kunywa maji ya moto yenye limau, vaa soksi mbili, usilale na nywele mbichi. Najua una miaka thelathini na minne. Soksi haziulizi umri.

Sisi huku wazima kwa kiasi chetu. Shemeji yako yuko salama, bado analinda lile ghala, na bado analalamika kwamba saruji inamwingia mpaka kwenye ndoto. Mimi macho yananisumbua, kutunga uzi kwenye sindano kumekuwa kazi ya kubahatisha. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo nimezama kwenye sare: kola asubuhi, kola mchana, kola jioni. Mguu unakanyaga cherehani mpaka nikilala unaendelea wenyewe, shemeji yako anaamka ananiuliza nashona nini. Bati la jikoni linavuja palepale lilipokuwa linavuja ulipoondoka. Tumeshalizoea, tunaweka sufuria. Nimechoka, mdogo wangu. Nakuambia mapema ili ukiona mwandiko unalala usidhani ni kosa la kalamu.

Mama hajambo. Naliandika hilo peke yake ili roho yako itue kabla hujasoma zaidi. Presha yake imepimwa na ni ileile ya siku zote. Anatembea mpaka uani na kurudi, anagombana na redio, anasema watangazaji wa siku hizi wanaongea kama wanadaiwa. Haumwi.

Lakini najua swali lako. Leo ni Jumapili ya tano hujasikia sauti yake. Kila ukipiga nakuambia anaoga, amelala, ametoka kidogo, simu haina chaji. Mama yako angekuwa anaoga kama nilivyokuambia, angekuwa ameshakwisha kama sabuni. Na atoke aende wapi, mtu ambaye goti lake haliwezi kuvuka barabara? Jumapili iliyopita ulinyamaza, nikajua hukuniamini. Ukweli ni kwamba wakati wote huo alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake, macho wazi, ameipa simu mgongo. Alikuwa hataki kuongea nawe.

Sikuweza kukueleza kwa simu. Nyumba yetu unaijua, ukikohoa jikoni wa chumbani anakuambia pole. Nikangoja nipate mtu wa kukuletea barua mkononi, na sasa nimempata. Ni muuguzi, jirani yetu, amepata kazi kwenye hospitali ya mji huohuo wako. Anaondoka kesho. Na ndiye huyohuyo aliyeanzisha haya yote bila kujua, kwa hiyo akikupa barua usimkunjie uso. Mpe chai.

Ili uelewe, inabidi nikurudishe nyuma, maana mengine yalitokea ukiwa umeshaondoka na hakuna aliyekusimulia.

Unakumbuka katika nyumba hii umbali wote ulipimwa kwa lori la baba. Kwa shangazi ilikuwa siku moja na nusu na pancha moja. Sokoni ilikuwa "kabla injini haijapata moto." Mimi darasani niliwahi kuulizwa urefu wa barabara fulani nikajibu matangi mawili ya dizeli, wenzangu wakacheka wiki nzima, na mpaka leo sioni nilikosea nini. Baba hakuwa mtu wa kubahatisha. Akisema Alhamisi magharibi atakuwa mlangoni, mama alikuwa anainjika chai Alhamisi alasiri. Kwa mambo ya barabara mama hakuwahi kumshika uongo hata siku moja.

Sasa wewe ulipoondoka uliahidi kupiga simu ukitua. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu mama akawa hali, hanywi, ameishika simu mikono miwili kama mtu aliyeshika kifaranga. Baba akaketi naye kwenye benchi la uani akamfanyia hesabu. Kule kwa mtoto, akamwambia, ni kilomita elfu kumi na moja. Lori zima, dereva asiyekunywa, linakwenda kilomita mia tatu na hamsini kwa siku ukitoa mizani, ukaguzi na kulala. Gawanya mwenyewe. Inakuja kwenye mwezi mmoja.

Mama akauliza, si amepanda ndege lakini? Baba akamwonyesha juu. Kulikuwa na ndege inapita, mbali kabisa, nukta yenye mkia mweupe. Akamwambia, "Hebu itazame vizuri. Unaona inavyokwenda? Hata mimi na mzigo naipita." Na kweli, ukiitazama kutoka uani kwetu inatambaa kama sisimizi ukutani. Akamwambia huko juu nako kuna mizani, kuna foleni, na dereva lazima apumzike. Mama alishapanda lori na baba mara moja, kabla hujazaliwa, siku nne za matope na mizani, kwa hiyo hayo hakuambiwa, aliyajua kwa mgongo wake. Siku hiyo akala. Tangu hapo kila aliyeuliza alijibiwa, "Mtoto yuko njiani."

Nawe ukapiga baada ya mwezi, karibu siku ileile aliyoitaja baba. Unakumbuka neno la kwanza alilokuuliza? "Umefika?" Ukajibu, "Nimefika, mama." Hukujua kwamba umeipigia hesabu ya baba muhuri. Mimi baadaye uliniambia kwamba mwezi huo wote ulikuwa unalala kwenye stoo ya mkahawa wa watu, huna simu, huna anwani, unajifunika mifuko ya unga. Mama hakujua hayo. Kwake yeye ulikuwa safarini, umekaa dirishani, unatazama miti inavyopita.

Hesabu hiyo ndiyo iliyokulinda miaka tisa. Majirani wakiuliza mbona kijana haji hata mara moja, mama alikuwa nao: "Mwezi kwenda, mwezi kurudi. Mwajiri gani atampa mtu miezi mitatu aje kuniamkia?" Wengine walidhani ni utani wa mtu mzima. Wengine walijua si utani wakamwonea haya kumsahihisha. Sisi tuliokuwa tunajua tuliinama tukaendelea na yetu.

Na baba alipofariki, hesabu ndiyo iliyotustiri. Shangazi alikuwa anakuja kwa basi, tukamngoja siku mbili, hatukuzika. Watu wakaanza kunong'ona, na yule wa mwisho je? Mama ndiye aliyewajibu, si mimi. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, sauti haitetemeki. "Hata angeanza safari leo, angekuta kaburi limeota majani. Msimsengenye mwanangu." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika birika la chai. Nilimimina chai, basi.

Sasa mwezi uliopita ndipo muuguzi akaja nimshonee koti zito la safari. Nilikuwa nampima mabega, pini zimenijaa mdomoni, mama yuko kwenye kiti chake anachambua mchele. Mama akamuuliza, "Unaanza lini safari, mwanangu?"

"Tarehe kumi ya mwezi ujao, mama."

Mama akahesabu kwa vidole. "Basi kumi ya mwezi unaofuata unafika. Ubebe vya kutafuna njiani, na kanga ya kujifunika. Usiku kunakuwa na baridi."

Muuguzi akacheka. Hakuwa na ubaya wowote, ni msichana mwenye kicheko cha karibu. "Mama naye! Kumi naondoka, kumi na moja nimeshafika natafuta duka la soksi. Angani ni masaa kumi na matatu tu."

Nilitaka kusema kitu, lakini mtu mwenye pini mdomoni hasemi kitu, akisema anameza. Mama naye akacheka, akadhani anataniwa. Ndipo muuguzi, kwa wema wake, akatoa simu, akaandika mji wetu, akaandika mji wako, mstari ukachoreka kutoka huku mpaka huko. Akasoma kwa sauti: kilomita elfu kumi na moja, saa kumi na tatu kwa ndege isiyotua njiani.

Laiti kilomita zingekuwa tofauti. Mama angesema simu ya mtoto imekosea, mambo yangeishia hapo. Lakini ni zilezile za baba, hazikuzidi wala kupungua. Nilimwona mama anazitambua kama anavyotambua sauti ya mtu mlangoni. Mikono ikasimama juu ya mchele.

"Kumi na matatu," akasema. "Yaani nikinywa chai ya asubuhi hapa, usiku nalala kwa mwanangu."

"Ndiyo, mama. Dunia imekuwa ndogo."

Nilizitema pini, moja ikanichoma kidole gumba, na koti la muuguzi lina alama ndogo ya damu ndani ya bitana mpaka leo. Sijamwambia.

Alipoondoka nilijaribu kuziba. Nikamwambia mama hizo kumi na tatu ni za angani tu. Kuna basi la kwenda mpaka mji wenye uwanja, hilo siku nzima. Kuna foleni, vua viatu, vua mkanda, fungua mkoba, funga mkoba. Ndege nayo huchelewa, watu wanalala kwenye viti. Ukishatua kuna foleni nyingine, kisha treni ya kufika hapo ulipo. Niliitanua safari hiyo kama gauni la mtu aliyenenepa, nikafungua kila mshono, nikafika siku mbili, nikaongeza nusu ya bure. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siku mbili ni za shangazi yenu," akasema. "Shangazi yenu tulimngoja." Akainamia mchele wake. "Mdogo wako angetangulia kufika."

Ndiyo hiyo, mdogo wangu. Hakusema zaidi ya hapo. Jumapili ulipopiga nilimpelekea simu, akaisukuma kwa nyuma ya mkono kama anasukuma sahani ya mtu aliyeshiba.

Sijui nikuelezeje hizo wiki. Hakulia, bora angelia. Zamani mtu akikuulizia alikuwa anapewa kilomita zote, mizani zote, mpaka anaomba ruhusa ya kuondoka. Sasa anajibu, "Yupo," halafu anauliza habari ya mvua. Ndege ikipita alikuwa anatoka uani kuitazama, unamjua. Sasa ikisikika anaingia ndani. Chakula anagusa, anasema ameshiba. Usiku namsikia anageuka, kitanda kinalia, nami nageuka wa kwangu unalia, tukawa tunaitikiana kwa vitanda.

Nami nilikukasirikia, kwa nini nisiseme. Najua kwa nini huji. Ukitoka huko bila karatasi zako kukamilika, mlango unafungwa nyuma yako na kila ulichokitafuta kinabaki ndani. Uliniambia mimi na baba, ukatuapisha tusimwambie mama kwa ajili ya presha yake. Sawa, tuliapa. Lakini baba ameenda zake na sehemu yake ya kiapo nimeachiwa mimi. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe na baba mlinitwisha mkaona ni usufi, mkanipigapiga begani. Mimi ndiye ninayemwona mama anaipa simu mgongo. Mimi ndiye niliyetaka kusema, mama, si kwamba hataki, na nikaimeza kama pini. Kuna siku nilitamani nikupigie nikutukane tu, kisha nikalale. Sikuwa hata na nguvu ya kutukana.

Alhamisi hii ndipo akaja Jeki. Humsahau Jeki, yule utingo wa baba, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila pancha ni yeye aliyeingia chini ya lori. Siku hizi ana kibanda cha kuziba matairi jirani na ghala, na tumbo lake chini ya lori haliingii tena. Alikuja kumwamkia mama kama kawaida yake. Mama, ambaye hakuwa na neno na mtu, akamkalisha mbele yake.

"Wewe ulikaa na mume wangu maisha yako yote. Niambie. Alikuwa hajui ndege inakwenda kasi gani?"

Jeki akanitazama. Mimi nikakanyaga cherehani kwa nguvu, nikashona kola ambayo ilishashonwa. Jeki ni mtu mzuri lakini kudanganya hakufundishwa.

"Nani, mzee? Mama, mzee alikuwa anajua kuliko wenye ndege."

Akamweleza. Ile miaka ya mwisho ya baba walikuwa wanapeleka maboksi ya mizigo uwanja wa ndege. Wakishapakua, baba haondoki. Anapeleka lori mpaka kwenye uzio, anazima injini, anangoja ile ndege ya jioni inayokwenda kwenu. Ofisi ilimgombeza kwa kuchelewesha gari, hakujali. Ikiruka anatazama saa yake ya mkononi, halafu ndiyo anawasha.

"Sasa asubuhi yake tunafunga turubai," Jeki akasema, "mtu huna habari, mzee anasimama ghafla. Ananiambia, 'Jeki, imetua. Iko kwa kijana.' Kisha tunaendelea na kamba. Kila safari ni hivyo, mama. Nikamwambia, mzee, si umwambie mama nyumbani, afurahi? Akaniambia, 'Huyu mwanamke akijua ni karibu, atamwita. Na mtoto akiitwa na mama yake, atakuja.'"

"Kuna ubaya gani akija?" mama akauliza.

"Hapo sikumuuliza. Mzee ulikuwa humuulizi mara mbili."

Mdogo wangu, mimi hiyo ya uzio nilikuwa siijui. Kiapo tuliapa wote, lakini kwamba alikuwa anakaa pale kukuhesabia, hakuniambia. Niliacha kushona.

Jeki alipoondoka mama alikaa muda mrefu anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Kisha akaanza kuniuliza, bila kunitazama.

"Hajafungwa?"

"Hajafungwa, mama."

"Si mgonjwa?"

"Kikohozi tu."

"Hajatukataa?"

Nikamwambia hapana, mama, hajatukataa, hata siku moja.

"Basi kuna kitu kimemshika mguu." Nikafungua mdomo, akanyoosha mkono. "Usiniambie. Baba yenu amekufa hajaniambia, wewe ndiye unataka kumshinda?" Akaikunja tena ncha ya kanga. "Mume wangu hakuwa mwongo wa bure. Akidanganya, ujue kuna shimo mbele."

Jioni ile alikula, akasema chumvi imezidi. Mwezi mzima nilikuwa sijamsikia akilalamikia chumvi. Niliingia jikoni nikalia kidogo, sufuria ya kukinga bati ikapata na maji yangu, nikatoka nikamwambia ni moshi.

Leo asubuhi nilikuwa nimeanza barua hii kwa kujificha. Akaniita. Kumbe ameshajua, anasema kalamu yangu inakwaruza tangu alfajiri. Akaniambia niandike maneno yake, nisiongeze wala nisipunguze, na haya ndiyo maneno yake:

"Mwambie sina kinyongo naye. Mwambie baba yake alikuwa sahihi, kule ni mwezi mmoja. Hizo saa kumi na tatu ni za muuguzi na wenzake, watu ambao barabara yao iko wazi. Ya kwake ni ya mwezi, na kama imeharibika ni zaidi ya mwezi. Asikimbie. Dereva mzuri hakimbii."

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, mama, lakini unajua si kweli.

"Najua," akasema. "Sijawa mjinga kwa uzee. Lakini mtoto aliye saa kumi na tatu na haji, ameniacha. Mtoto aliye mwezi mzima, yuko mbali tu. Mimi namtaka huyo wa mbali. Ndiye niliyemzoea."

Kisha akasema nimalizie hivi: usimwambie utakuja kesho, usimwambie mwakani. Siku kitu hicho kikikuachia mguu, mpigie useme neno moja tu, "Nimeanza safari." Atakungoja kwa hesabu ya lori. Anasema mtu aliye njiani hajawahi kumshinda kumngoja.

Kwa hiyo Jumapili ijayo ukipiga, barua ukiwa umeshaisoma, atakayeshika simu ni yeye. Ameshaniambia nisiiguse. Usianze kujieleza, usilie, usimwombe radhi, hataki. Atakuuliza kama umeshaanza safari. Mjibu, "Bado, mama." Hilo analiweza. Atakuuliza umekula nini, na umwambie ukweli, maana kwa hilo anakujua ukidanganya.

Hayo ni yake. Yangu ni haya, na ni machache kwa sababu mkono umekufa ganzi. Mimi siwezi kuhesabu kwa lori. Nilishaziona hizo saa kumi na tatu kwenye simu ya watu na hazinitoki. Barua hii itakuwa mkononi mwako kesho kutwa, nami nimekaa nimeitazama nikaionea wivu. Kama kuna ofisi uliyogonga ukafukuzwa, gonga tena. Kama kuna mtu anayejua sheria zao, mtafute. Mama ni mzee, mdogo wangu. Ana moyo wa kungoja mwezi, lakini goti lake na presha yake havijaulizwa. Sikulaumu. Nakuomba tu, kwa uchovu huu huu nilio nao.

Muuguzi ukimwona amevaa koti la kijivu, ushike mkono wa koti uone mshono. Ni kazi yangu, nimeushona mara mbili. Barua nimemwambia aiweke mfuko wa ndani, upande wa moyo, isije ikalowa.

Shemeji yako anakusalimu sana, anauliza kama huko nako kuna maghala. Shangazi amepiga simu juzi, anakutakia heri na anasema bado hajapumzika na lile basi. Jeki anakusalimu, anasema ukija atakuziba tairi lolote bure. Na kama kuna wifi yangu huko unamficha, mfikishie salamu, mwambie sitambana kwa maswali mengi, nitampima mabega tu.

Mungu akulinde mchana na usiku, akufungulie hiyo barabara, na akuweke mpaka tuonane uso kwa uso, mama akiwepo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Fundi wa Kola.

Nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Sasa hivi imepita ndege. Mama ametoka uani, ameshikilia nguzo, ameitazama mpaka ikaishia. Aliporudi nilimuuliza ameonaje. Akasema dereva anajitahidi, ila mzigo ni mzito.